Waliowahi kulala milimani Wales na baiskeli, tupeane uzoefu

Mbeba Hema

Wakuu, habari za jioni. Naanzisha uzi huu kwa sababu kila nikisimulia safari yangu kijiweni naulizwa swali moja: "Sasa ulikuwa unakimbia nini?" Humu najua wapo watakaonielewa.

Naishi Birmingham, mwaka wa tisa sasa. Siku moja mzee wa kazini akaniambia maji ya bomba hapa yanatoka Wales, bonde la Elan, yanateremka yenyewe kilomita 118 hadi mjini bila kusukumwa na pampu. Mabwawa ya kwanza yalizinduliwa 1904. Mimi nimekulia Mwanza, ziwa liko mlangoni na bado tulikuwa tunabeba ndoo kichwani. Nikasema lazima nikaone yanakotoka haya.

Treni hadi Llandrindod Wells, kisha baiskeli mpaka Rhayader. Kuanzia hapo kuna njia iliyowekwa juu ya reli ya zamani, ile iliyokuwa ikipeleka vifaa vya kujengea mabwawa. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo unapanda bila kujua kama unapanda. Hapo kichwa kikavimba. Nikaona mbona safari yenyewe laini.

Nilikomeshwa Claerwen, bwawa kubwa kuliko mengine yote ya bonde lile, lililofunguliwa 1952. Lami inaishia ukutani. Mbele yake ni njia ya mawe inayofuata ukingo wa maji, kama kilomita kumi hivi, na kwenye ramani ni kamstari kembamba ka kupendeza. Kalinichukua saa tatu. Nimefunga mizigo mbele na nyuma, sufuria, hema, unga wa sembe kilo mbili (naam, kilo mbili, mke wangu hajaacha kunicheka). Katikati ya njia nikasikia keria inagonga tairi. Skrubu imechomoka, imeshamezwa na changarawe. Nikapiga magoti kuitafuta nusu saa nzima, manyunyu yananishukia shingoni, wapi. Mwisho nikafungua skrubu moja ya kishikio cha chupa, nikaijaribu, ikaingia kama imepimwa. Kumbe ni saizi ile ile! Tangu siku hiyo natembea na skrubu nne ndani ya kikopo cha vidonge.

Usiku nililala karibu na Teifi Pools, vile viziwa vya juu unakoanzia mto Teifi. Hakuna taa hata moja. Maji yamenizunguka kila upande na chupa zangu zote tupu. Nikateka ya kijito, nikabandika jikoni, yakawa na rangi ya chai kabla sijatia majani. Udongo wa kule ni mweusi, majani yaliyooza karne na karne, na maji yanapita humo humo. Nilichemsha mara mbili kwa uoga.

Haya, na nyie?

Wa Iten

Mkuu umenikumbusha machungu. Nilipohamia Leicester nilitangazia kila mtu kwamba mimi nimelelewa Iten, kule juu milimani Kenya, hivi vilima vyao ni vichuguu. Wakanipeleka barabara ya Abergwesyn kwenda Tregaron, ile wachungaji wa zamani walikuwa wakiswaga ng'ombe kuwapeleka masoko ya Uingereza. Kuna mahali panaitwa Devil's Staircase, ngazi za shetani, mwinuko asilimia 25. Sikupanda, nilisukuma. Viatu vinateleza, baiskeli inataka kurudi ilikotoka. Wazee wawili wa mvi wakanipita wamekaa kwenye siti, wakanisalimia "bore da" bila hata kuhema. Na kushuka upande wa pili breki zikanuka kama kitu kinaungua. Iten sijaitaja tena.

Binti Mkunazini

Asalaam alaykum. Mnasimulia milima, hakuna hata mmoja aliyetaja usubi? Mimi nilikuwa Llyn Tegid mwezi wa Juni, kambi ya kulipia kando ya ziwa, jioni upepo umekata. Vidudu vikaja wingu zima. Kwenye masikio, kwenye nywele, kwenye sufuria ya wali. Nikajifunga kanga mbili nikabakisha macho, nikala nikizunguka hema, maana ukisimama tu umekwisha. Alfajiri nikatawadha maji ya ziwani, wallahi yanakata kama wembe.

Jengine: siku ya kwanza niliona ARAF imeandikwa barabarani kwa herufi kubwa nyeupe, nikadhani jina la kijiji. Kijiji kikajirudia mara saba. Kumbe ni "polepole" kwa Kiwelisi.

Mgeni Njiani

Swali wakuu, mnalala tu popote?

Mbeba Hema

Hapana, Wales sio Scotland, unatakiwa uombe ruhusa ya mwenye ardhi. Mimi nilipiga hodi kwa mfugaji, akanionesha pa kusimika hema, sharti lake geti nilifunge. Pia vipo vibanda vya mawe milimani wanavyoita bothy, vinavyotunzwa na watu wa kujitolea. Bure kabisa, ila usitarajie kitanda.

Mtoto wa Mtera

Yangu haina vituko. Nilikwenda ziwa la Llyn Celyn, juu ya mji wa Bala. Chini ya maji yale kuna kijiji, Capel Celyn, kilifunikwa 1965 ili Liverpool ipate maji. Nyumba, shule, kanisa, posta, vyote. Mwaka 2005 baraza la jiji la Liverpool liliomba radhi. Nilisimamisha baiskeli kwenye kanisa dogo la ukumbusho kando ya ziwa, nikafungua maharage ya kopo nikayala baridi. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa akauliza naishi wapi. Nikasema Liverpool. Akanyamaza, akamvuta mbwa wake, akasema, "Basi maji yetu unayajua."

Mbeba Hema

Nimeisoma mara mbili hiyo. Na mimi wa Birmingham sijui angeniambia nini.

Binti, nataka nirudi Septemba nipite Llyn Tegid. Usubi utakuwepo?

Binti Mkunazini

Unapungua. Kanga chukua vilevile.