Mjadala: Kamanda wa nyambizi Orzeł alikuwa mwoga, au alihukumiwa kwa kipimo cha ushujaa wa naibu wake?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna kesi moja ya kijeshi ambayo kila nikiirudia naona haijaisha. Naiweka hapa, na naomba tuijadili kwa hoja.

Mwaka 1942, Poland ikiwa mikononi mwa Wajerumani na serikali yake ikiwa uhamishoni London, mahakama ya jeshi lake la majini ilimhukumu Henryk Kłoczkowski, kamanda wa nyambizi Orzeł wakati vita vinaanza. Alishushwa cheo hadi baharia wa kawaida, akafukuzwa jeshini, akapewa na kifungo cha miaka 4 kilichoahirishwa mpaka vita viishe. Tangu hapo jina lake limekuwa jina la mwoga, na wapo waliokwenda mbali zaidi wakamwita msaliti. Je, alistahili?

Kwa asiyeijua habari hii: Orzeł maana yake tai. Ilijengwa Vlissingen, Uholanzi, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye michango ya wananchi. Ilikuwa na urefu wa mita 84, mirija 12 ya topido (kombora linalokwenda ndani ya maji), na ilibeba topido 20. Ilipoingia Gdynia, bandari ya Poland, Februari 1939 ilipokelewa kama mtoto wa taifa zima. Poland ilikuwa na nyambizi 5 tu, na Orzeł na pacha wake Sęp ndizo zilizokuwa mpya na kubwa.

Wajerumani walivamia tarehe 1 Septemba. Nyambizi zote 5 zilikuwa chini ya mpango ulioitwa Worek, yaani gunia: zikae karibu na pwani, kuzunguka rasi ya Hel, zivizie meli kubwa za adui. Mawindo hayo hayakuja. Zilikuja ndege, zikaja meli ndogo za kusaka nyambizi, zikadondosha mabomu majini. Orzeł ilikuwa imepangiwa ndani ya ghuba ya Gdańsk, mahali finyu kwa chombo cha ukubwa ule. Baada ya siku chache Kłoczkowski akaondoka eneo alilopangiwa, akapanda kaskazini kuelekea kisiwa cha Gotland. Huko akaanza kuugua, akasema huenda ni homa ya matumbo. Ndani hamkuwa na daktari. Kompresa ya hewa nayo ikaharibika.

Makao makuu yalimpa njia mbili kwa redio: ashushwe kwenye bandari ya nchi isiyokuwa vitani na naibu wake aendelee na kazi, au aje Hel usiku abadilishwe. Alichagua Tallinn, Estonia, na usiku wa tarehe 14 Septemba chombo kikafika. Akashuka kwenda hospitali. Mabaharia wake walieleza baadaye kwamba alishuka na mizigo yake, ikiwemo taipureta na bunduki ya kuwindia.

Bandarini palikuwa na meli ya biashara ya Kijerumani, Thalatta. Kwa sheria za kimataifa, meli ya vita hairuhusiwi kutoka bandari ya nchi isiyokuwa vitani mpaka zipite saa 24 tangu meli ya adui ing'oe nanga. Waestonia, wakiwa wanabanwa na Wajerumani, wakaitumia sheria hiyo kuizuia Orzeł, kisha wakaikamata kabisa. Walichukua ramani zote za bahari, wakatoa vyuma vya kufyatulia mizinga, wakaanza kushusha topido. Naibu kamanda, Jan Grudziński, kijana wa miaka 31, akaikata kimyakimya kamba ya chuma ya kushushia topido, zikabaki chache ndani.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 wakawadhibiti walinzi wawili wa Kiestonia, wakakata kamba, wakatoka huku mizinga ya pwani ikiwafyatulia. Hawakuwa na ramani hata moja. Afisa wa uongozaji aliichora Baltiki kutoka kichwani, akisaidiwa na kitabu cha orodha ya minara ya taa. Wale walinzi waliteremshwa salama Gotland wakiwa wamepewa pesa za kurudia kwao, ingawa magazeti ya Ujerumani yalishatangaza kwamba wameuawa. Tarehe 14 Oktoba, mwezi mzima tangu waingie Tallinn, Orzeł ikajitokeza pwani ya Uskoti.

Sasa hoja yangu. Nyambizi nyingine tatu, Sęp, Ryś na Żbik, ziliingia Sweden mwezi uleule wa Septemba, zikazuiliwa, na zikakaa huko mpaka vita vikaisha. Makamanda wake hawakubebeshwa aibu ya namna hii. Orzeł ingebaki imefungwa Tallinn, Kłoczkowski angekuwa kamanda wa nne katika orodha hiyo, mgonjwa aliyekosa bahati. Kilichomtofautisha nao ni kwamba Grudziński alitoka. Kila tulivyomsifu kijana kwa kutoka, ndivyo tulivyomzika mkubwa wake kwa kuingia. Mimi naona alihukumiwa kwa kulinganishwa na mtu mwingine, na hiyo si haki.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimekusoma vizuri na nakupinga.

Huwezi kuziweka Sęp na Orzeł kwenye mizani moja. Sęp ilipigwa na mabomu ya majini ikawa inavuja. Ryś nayo ilikuwa imeumia. Żbik iliishiwa mafuta na uwezo baada ya wiki kadhaa baharini, na kabla ya hapo ilishatega mabomu ya majini. Moja ndilo lililozamisha meli ya Kijerumani M-85 tarehe 1 Oktoba. Hao walifika Sweden wakiwa wamemaliza walichoweza. Orzeł iliingia Tallinn na topido zake zote 20. Haikuwa imerusha hata moja.

Na hiyo bunduki ya kuwindia usiipite harakaharaka. Mtu anayehisi anakufa kwa homa ya matumbo anashikwa mkono, anashuka na shuka lake. Mwenye kufungasha taipureta anajua anakwenda kukaa. Mabaharia walimwona kwa macho yao. Walikuwa watu wanaomtegemea kwa kila pumzi, maana ndani ya nyambizi hewa yenyewe unavuta kwa amri ya kamanda. Ukitaka kujua kiongozi amekata tamaa, waulize walio chini yake.

Mleta mada

Kuhusu Sęp na Ryś nakubali, ulinganisho wangu ulikuwa mkali kuliko inavyostahili. Hoja ya topido 20 ni nzito na sina jibu lake la haraka.

Lakini mizigo? Kamanda anayeteremshwa kwa amri, na chombo kikitakiwa kuondoka bila yeye, aache vitu vyake ndani kwa ajili gani? Makao makuu yenyewe yalimruhusu ashuke nchi isiyokuwa vitani. Akishashuka, harudi. Tunaichukua taipureta kama ushahidi wa moyo wake kwa sababu hatuna kipimo cha homa yake.

Mchangiaji wa pili

Mimi naomba tulitenge neno "msaliti", tulijadili peke yake, kwa sababu ndilo linaloniumiza.

Kłoczkowski alibaki Estonia. Wasovieti walipoimeza nchi ile mwaka 1940 walimkamata wakamweka kambini. Akatoka baada ya makubaliano ya Poland na Wasovieti ya Julai 1941, yale ya Sikorski na Maisky, akafika Uingereza, ndipo akashtakiwa. Wapo waliotazama habari hiyo wakauliza: alizaliwa St Petersburg, ameshikwa na Warusi, ametoka hai, ametoka vipi?

Nimekulia karibu na Arusha. Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yapo makaburi ya Wapoland, zaidi ya mia moja, yametunzwa mpaka leo. Wale walikuwa raia, wengi wao akina mama na watoto, waliochukuliwa na Wasovieti kutoka mashariki ya Poland wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Waliachiliwa kwa makubaliano yaleyale ya Julai 1941, wakapitia Uajemi, na maelfu wakaletwa Tengeru, wengine Masindi na Koja kule Uganda. Hakuna aliyewauliza akina mama wale walitokaje hai. Kutoka hai mikononi mwa mtu aliyekufunga si ushahidi wa kwamba mlikuwa marafiki.

Mwenye ushahidi wa usaliti auweke hapa. Kama hana, neno lenyewe lifutwe kwenye huu uzi, tubaki na uoga, ambao angalau una mashahidi.

Mchangiaji wa tatu

Wote mnazungumza kana kwamba Tallinn ni gati tu la kufungia kamba. Estonia ilikuwa nchi yenye watu kama milioni moja, imejitangaza haimo vitani, na ghafla usiku nyambizi ya nchi iliyo vitani inaingia bandarini mwake. Siku chache baadaye inatoroka. Moscow ikadaka habari hiyo palepale, ikasema: hamwezi kulinda bahari yenu, tutailinda sisi. Tarehe 28 Septemba 1939 Estonia ikasaini mkataba wa kuweka kambi za jeshi la Kisovieti ndani ya ardhi yake. Juni 1940 nchi ikawa imekwisha.

Najua itasemwa kwamba kulikuwa na makubaliano ya siri ya tarehe 23 Agosti kati ya Hitler na Stalin, ambayo ilishaiweka Estonia upande wa Stalin. Kweli. Mkataba ungekuja tu kwa kisingizio kingine. Lakini kisingizio kilichotumika ni hiki, na aliyekipeleka hadi mlangoni ni kamanda aliyeamua kuingia bandarini badala ya kwenda Hel usiku. Mimi sijali kama alikuwa na homa. Hel ilikuwa ya kwao. Ilikuwa bado inapigana, na iliendelea kupigana mpaka tarehe 2 Oktoba. Mgonjwa hupelekwa kwao.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo ndipo. "Mgonjwa hupelekwa kwao." Hel ilikuwa hatari, ndiyo, lakini ndiyo maana akaambiwa aje usiku.

Mleta mada

Nimekaa na hii hoja ya Hel tangu jana.

Nilianza nikitaka kumtetea, na bado naitetea homa yake. Simwiti mtu mwoga kwa sababu mwili wake umemshinda, na kwa neno "msaliti" namuunga mkono ndugu yetu wa Arusha moja kwa moja. Lakini kuna jambo nililipita mwanzoni. Aliugua akiwa bado baharini, na Grudziński alikuwa hatua chache kutoka kitandani kwake. Siku zote zile angeweza kusema sentensi moja: kuanzia sasa chombo ni chako. Wangeamua wao, wakiwa wazima, kama ni Hel au Tallinn, kama ni kuingia bandarini au kumshusha kwa mtumbwi wa mpira kando ya pwani na kupotea gizani. Mgonjwa aliendelea kuwa kamanda mpaka gatini, na uamuzi mbaya kuliko yote ulifanywa na mtu ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwa na uwezo tena wa kuamua. Wazee wanasema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Orzeł ilikwenda mrama kwa sababu haikuwa na nahodha hata mmoja, na aliyefaa kuwa nahodha hakupewa usukani mpaka walipokuwa wamefungwa.

Tazama kilichofanyika usukani ulipohamia. Tarehe 8 Aprili 1940 Orzeł iliizamisha meli ya Kijerumani iliyoitwa Rio de Janeiro nje ya Lillesand, pwani ya kusini ya Norway. Waliookolewa majini na wavuvi walikuwa wamevaa sare za jeshi la Ujerumani, wakasema wazi kwamba wanakwenda Bergen. Saa chache kabla ya uvamizi, Norway ilikuwa na onyo mkononi. Oslo haikulifanyia kazi, lakini hilo si kosa la nyambizi. Chombo ni kilekile, mabaharia ni walewale wa Septemba.

Kwa hiyo ningekuwa jaji mwaka 1942 ningemvua ukamanda, nisimpe tena chombo chochote cha kuongoza. Kumshusha mpaka baharia wa kawaida, na kumtamkia miaka 4 jela, nisingefanya. Kifungo kile hakukitumikia. Alipanda meli za biashara wakati Atlantiki imejaa nyambizi za Kijerumani, akafanya kazi baharini bila cheo, na alifariki Portsmouth, New Hampshire, mwaka 1962.

Grudziński alikuwa ametoka bandari ya Rosyth, Uskoti, na Orzeł tarehe 23 Mei 1940 kwenda doria Bahari ya Kaskazini. Hawakurudi, yeye na watu wote waliokuwa naye, wakiwemo Waingereza watatu. Mwaka ule wa kesi, shahidi aliyemjua Kłoczkowski kuliko wote, aliyekuwa ndani ya chumba kile cha chuma wakati homa inaanza, alikuwa chini ya maji. Mahakama iliamua bila kumsikia.

Mchangiaji wa kwanza, nakurudia wewe: kama Grudziński angesimama kizimbani, unadhani angesema mkubwa wake aliogopa, au angesema aliugua?

Mchangiaji wa kwanza

Angesema aliugua. Maafisa wa namna yake hawamwagi siri za chombo mbele ya watu. Na mimi bado ningepiga kura ya kumtia hatiani, kwa zile topido 20.