Malori yazuiwe kupanda Mwanga watoto wanapokwenda shule? Tujadili

Mama wa Mwanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naleta hoja, naomba tuijadili bila kutukanana. Malori yanayopakia bandarini na stesheni hapa Kigoma yasubiri chini, yasipande mlima wa mtaa wetu wa Mwanga, kila asubuhi ya siku za shule, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu. Watoto wakishaingia madarasani, yapande.

Mtu atauliza kwa nini saa hiyo. Kigoma tuko mwisho wa nchi upande wa magharibi, lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam. Jua kwetu linachomoza karibu saa moja. Watoto wanatoka nyumbani kukiwa na ubaridi na kiza kidogo, na hewa ya baridi hulala chini, moshi nao ukalala humo humo. Wakati huo huo lori lenye shehena linaanza kupanda mlima kutoka stesheni. Dereva anapunguza gia, injini inalia, wingu jeusi linatoka. Mimi linanifika kiunoni. Mtoto wa darasa la kwanza linamfika usoni.

Mwanangu wa pili ana miaka saba. Mwaka jana alibanwa kifua mara nne. Akipona kifua, sikio. Sikio likikauka, mafua. Daktari mmoja akaniuliza nyumba yetu iko hatua ngapi kutoka barabarani, swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu. Nikarudi nikahesabu: hatua kumi na nane.

Tangu hapo nasoma. Nilidhani moshi wa magari unachafua mapafu tu, kumbe unaigusa hata kinga ya mwili. Ndani ya mapafu kuna chembe hai ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, na masizi nayo zinayameza. Mwaka 2006 watafiti walitoa matokeo ya watoto wenye afya wa Leicester, Uingereza. Walikuta kaboni nyeusi ndani ya chembe hizo, na kadiri ilivyozidi ndivyo pumzi ya mtoto ilivyokuwa hafifu. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford wakatoa matokeo ya damu ya watoto zaidi ya 200, wa miaka sita hadi minane, wa mji wa Fresno, California. Waliovuta hewa chafu zaidi walikuwa na mabadiliko kwenye jeni zinazoongoza kinga, ikiwemo ile inayosimamia chembe za kutuliza. Chembe hizo huuambia mwili kwamba vita imekwisha, tulieni. Zikilegea, mwili unaendelea kupigana na kila kitu, hata vumbi la kawaida, na pumu inapata mlango. Niliposoma hapo nilimtazama mwanangu amelala, nikashindwa kuendelea.

Dereva wa Manyovu

Dada yangu, pole kwa kijana. Nami nina watoto, nakusikia. Lakini hoja yako ina shimo. Malori kumi yakisubiri chini saa nzima, unadhani madereva watazima injini? Wengine betri zao mbovu, akizima mpaka asukumwe. Moshi utahama kutoka kwako uende kwa watu wa stesheni, na kule nako kuna watoto. Halafu sisi tunaokwenda Burundi tukikosa asubuhi, tunafika mpakani foleni imeshajaa. Siku ikilala, hela ya kula njiani inatoka mfukoni mwangu, tajiri haongezi.

Bibi wa Ujiji

Wanangu, mnayapigia kelele malori, na jikoni je? Nimepika kwa kuni miaka yangu yote, nimechemsha chikichi za mawese mjukuu akiwa mgongoni. Moshi wa pale hauna gari. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa nimonia, chanzo ni moshi wa majumbani. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameuacha moshi ifikapo 2034. Tuanzie hapo.

Mama wa Mwanga

Bibi, shikamoo. Umesema kweli na sitakupinga. Mimi mwenyewe nilihamishia jiko uani, nikanunua mtungi mdogo wa gesi, mkaa nautumia kwa maharage tu. Hilo lilikuwa mkononi mwangu nikalifanya. Barabara haiko mkononi mwangu. Mapafu ya mtoto ni yale yale mawili, anayatoa kwenye moshi wa jikoni anayapeleka kwenye moshi wa lori. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Fundi wa Katubuka

Niseme la ufundi. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta ambayo hayakuungua yakaisha: nozeli imechoka, pampu imepoteza kipimo, eya klina imeziba vumbi, au mzigo umezidi. Moshi wa bluu ni injini inakula oili, ringi zimekwisha. Kwa hiyo tatizo ni gari, saa haina kosa. Lori lililotunzwa likipanda Mwanga huwezi kuona kitu kikubwa kwa macho.

Mafuta yetu siku hizi si mabaya kama zamani. Petroli yenye risasi ilishaondoka Afrika kusini ya Sahara tangu 2006, na viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2015 vilishusha salfa ya dizeli mpaka sehemu 50 kwa milioni. Ila unakuta gari dogo, hata hii michomoko ya abiria, masega yameshatolewa kwenye ekzosi yakauzwa. Masega ndiyo yanayosafisha moshi wa petroli. Ukiyatoa gari halizimiki, kwa hiyo mwenyewe haoni hasara. Hasara anaivuta aliye nyuma. Kenya hawapokei gari lililozidi miaka minane. Sisi tunalitoza ushuru wa uchakavu, tunalipokea. Mimi ningeanza na ukaguzi wa moshi.

Mkazi wa Kibirizi

Tafiti zote hizo ni za wazungu, miji ina magari maelfu kwa maelfu. Kigoma ina magari mangapi? Leteni vipimo vya Mwanga kwanza, ndipo mtu azuiwe kazi yake.

Mama wa Mwanga

Kaka, vipimo navitaka kuliko wewe. Lakini sitaki mtoto awe ndiye kipimo. Kule London kulikuwa na binti, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliishi karibu na barabara yenye magari mengi. Alilazwa na kutolewa hospitali kwa pumu tena na tena, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Mama yake alihangaika mpaka Desemba 2020, ndipo uchunguzi rasmi wa kifo ukatamka kwamba hewa chafu ilichangia. Karibu miaka minane baada ya mazishi.

Na wingi wa magari mjini si hoja kwa mtoto aliye hatua kumi na nane kutoka barabarani. Yeye anavuta lile lililo mbele yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe ndogo za hewani kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo mpaka 5 kwa wastani wa mwaka, kwa sababu madhara yalionekana hata pale palipodhaniwa ni salama.

Mwalimu wa darasa la pili

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Darasani kwangu, wanaokaa dirisha la upande wa barabara ndio wanaokohoa zaidi kiangazi. Sijapima kitu, naeleza ninachokisikia nikiandika ubaoni.

Jambo moja linanipa moyo: umbali unasaidia mno. Uchafu wa magari hushuka sana ukitoka barabarani mita 150 mpaka 300. California tangu 2003 wana sheria inayobana ujenzi wa shule mpya za serikali ndani ya mita kama 150 za barabara kuu zenye magari mengi. Shule yetu hatuwezi kuihamisha, lakini lango tunaweza. Sasa liko barabarani kabisa, bodaboda na michomoko wanashusha watoto injini zikinguruma, wanafunzi mia wamesimama hapo hapo kusubiri kengele. Lango likihamia upande wa nyuma kwenye miembe, na gwaride likafanyika huko, tumempunguzia mtoto robo saa ya moshi kila siku bila kumzuia dereva hata mmoja.

Tena mapafu ya watoto yanaitikia hewa ikiboreka. Kusini mwa California walifuatilia watoto kwa miaka mingi, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba hewa ilivyopungua uchafu, mapafu ya watoto wa miaka ya baadaye yalikua vizuri kuliko ya waliowatangulia.

Dereva wa Manyovu

Mwalimu, hilo la lango naliunga mkono mia kwa mia. Na fundi kasema kweli kuhusu nozeli, ingawa tajiri ndiye anayeshika hela ya nozeli.

Dada, nimerudi kwenye hoja yako. Saa nzima siwezi. Lakini robo tatu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, wengi wetu tunakuwa bado tunafunga turubai na kunywa chai. Tunaweza kusubiri, mradi tusubiri ndani ya uzio tulikopakia, tusipange foleni barabarani, na mlinzi asiandike karatasi ya kutoka kabla ya saa moja na robo. Asipoandika karatasi hakuna wa kuwasha injini, maana hana pa kwenda. Mwenye betri mbovu apakiwe mwisho.

Mama wa Mwanga

Kaka, hilo la karatasi sikulijua. Robo tatu naikubali. Mwanangu huwa kwenye kona ya mlima saa moja kasoro kumi, atakuwa ameshapita. Jumatatu nakwenda kwa mtendaji wa kata kuomba lipangwe kwenye kikao. Mwalimu, nitahitaji barua yako kuhusu lango. Na wewe kaka, siku ya kikao ukiwa hujasafiri, njoo ulieleze hilo la mlinzi kwa mdomo wako, maana mimi wataniambia sijui kazi ya bandarini.

Dereva wa Manyovu

Alhamisi huwa nipo. Wakiweka Alhamisi nakuja, na wenzangu wawili nitawaleta.