Premio 1ZZ inakula oili: nisuke injini au nifunge used?

mtu_wa_kibaha:
Wakuu salaam. Nina Premio ya 2003, ile ya 1.8 yenye injini ya 1ZZ-FE. Naenda nayo Posta kila siku ya kazi na sifikirii kuiuza: bodi safi, gia boksi inaingia vizuri, miguu ya mbele nimeshafanya yote. Shida ni oili. Kabla siku ya kumwaga haijafika nakuwa nimeongeza lita mbili na zaidi. Kwenye foleni ya Mbezi nikikanyaga mafuta kuondoka, nyuma unatoka moshi wa bluu hadi wenye bodaboda wanaziba pua. Nguvu bado ipo, na haichemshi.

Fundi wangu anataka tusuke, yaani tuifungue injini na kubadilisha vilivyochoka: ringi za pistoni, beringi, gasketi seti nzima na sili za valvu, pamoja na ufundi milioni 1.6. Ilala nimetajiwa injini used ya Japani milioni 2.3, kufunga laki mbili. Fundi mwingine kaniambia kusuka 1ZZ ni kutupa hela. Nielekezeni.

fundi_sabasaba:
Mkuu, usitoe hela kwa yeyote kabla injini haijapimwa. Moshi wa bluu una vyanzo zaidi ya kimoja. Moshi ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakata, shuku sili za valvu, na hizo hubadilishwa injini ikiwa ndani ya gari. Ukitoka unapokanyaga, kama unavyoeleza, shuku ringi. Ila anza na valvu ya PCV, ile ya kupumulia injini, ni spea ya bei ndogo sana. Ichomoe, itikise. Isipolia ndani imeganda, na ikiganda injini inakosa pa kupumulia, oili inasukumwa kusikotakiwa.

Halafu pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, mtu akanyage pedali mpaka chini wakati unapiga stata. Andika namba za silinda zote nne. Kisha mimina kijiko cha oili kwenye kila silinda, pima tena. Namba ikipanda vizuri, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi. 1ZZ nzima hucheza karibu na 189 psi, ikishuka chini ya 145 imekwisha. Silinda moja isiachane sana na mwenzake.

Kisauni01:
Nawasalimu kutoka Mombasa. Bwana wa Kibaha, mimi ningeogopa zaidi hiyo ya used. 1ZZ za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wa kuzaliwa nao: vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba kaboni, ringi ya oili inakwama. Toyota walibadilisha pistoni baadaye, kwenye 2005 hivi. Sasa ukiletewa injini ya 2002 iliyotoka kwenye gari la Japani, umenunua ugonjwa uleule, ila huujui umefika wapi. Muuzaji atakuambia imetembea kilomita elfu 60, na dashibodi iliyohesabu hizo kilomita haipo.

Ukiamua used, fungua kifuniko cha oili uchungulie kwa tochi. Vyuma vya ndani viwe na rangi ya dhahabu hafifu. Ukiona tope jeusi limeganda kama lami, ondoka. Chomoa plagi: ncha yenye oili mbichi ni jibu tosha. Tazama pia throttle, ule mlango wa hewa ya injini, kwani ya kebo na ya umeme haziingiliani bila kuhamisha waya na kontrolboksi. Na dhamana iwe ya maandishi, ianze siku gari linapowaka.

mzee_wa_5A:
Vijana, kuna jambo mmeliruka. Carina yangu ina 5A, bloku ya chuma. Hiyo ukiisuka unachonga silinda, unaweka pistoni za oversaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo, inarudi kazini miaka. 1ZZ bloku ni alumini yenye slivu (kuta za silinda) nyembamba za chuma ndani, na Toyota hawakuitolea pistoni za oversaizi. Kwa hiyo fundi wa pili hakukosea kabisa. Silinda zikiwa na mikwaruzo ambayo kucha inaikamata, hakuna cha kusuka, tafuta injini nyingine. Zikiwa laini, na ile michoro ya kiwandani ya kupishana bado inaonekana, kusuka kunalipa.

mtu_wa_kibaha:
Asanteni sana wazee wangu. Nimepima leo. PCV inalia, ni nzima. Kavu: 162, 165, 158, 164. Baada ya oili zote zimepita 180. Fundi amepitisha kamera ndogo kwenye tundu la plagi, silinda ya tatu pistoni ina kaboni nyingi juu, ukutani hajaona mkwaruzo.

fundi_sabasaba:
Basi ni ringi, na injini yako bado hai. Hapo nakuunga mkono usuke, kwa sharti moja: usikubali ringi mpya kwenye pistoni za zamani. Hapo ndipo watu wanarudi na moshi uleule na kusema 1ZZ haisukiki. Nunua pistoni za toleo la baadaye zenye matundu yaliyoboreshwa. Gharama itapita hiyo milioni 1.6, lakini utakuwa na injini unayoijua ndani nje. Hedi ipelekwe ikapimwe ubapa hata kama haijawahi kuchemsha, na boliti za hedi zipimwe urefu kabla ya kurudishwa. Uwepo siku anafungua. Kucha ikinasa ukutani, simamisha kazi hapohapo, hela ya pistoni ihamie kwenye injini nyingine.

Mpaka siku hiyo, vuta dipstiki kila asubuhi. Oili ikipungua ukaendelea kutembea, beringi za konrodi zinagonga, na hapo hata mjadala huu hautakuwepo.

Nyota_ya_Tanga:
Naongeza la makaratasi, kaka. Ikitokea umebadilisha injini, namba iliyopo kwenye kadi ya gari haitalingana na ya kwenye bloku. Dai risiti yenye namba ya injini, na taarifa ifike TRA kadi irekebishwe. Shemeji yangu alikwama kuuza gari lake kwa hilo tu, mnunuzi alikuja na hela, akalinganisha namba, akaondoka nazo.

mtu_wa_kibaha:
Nimeelewa. Pistoni nimeshaanza kuziulizia Gerezani. Jumamosi tunafungua, nitapiga picha za silinda niziweke hapa mzione kabla hatujaendelea.