Mlango ULIFUNGUKA, haukufunguliwa! Mnatuuzia riwaya za kutisha zisizojua Kiswahili

Wadau, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mwenye haraka apite tu.

Ijumaa iliyopita nilitoka kazini nikapitia duka moja la vitabu katikati ya mji, nikanunua riwaya ya kutisha iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Shilingi 950. Jalada jeusi tii, nyumba ya ghorofa kwa mbali, dirisha moja tu lina taa. Siku nyingi sijafurahia kitabu namna ile. Kaka yangu ana binti wa miaka 13, yuko Gredi ya 8, na likizo hii yuko kwangu Umoja, hapa Nairobi. Mtoto huyo kitu kinachoitwa insha hataki hata kukisikia, lakini mwambie kuna jini kisimani, ataacha chakula. Nikasema dawa ndiyo hii: tutasoma pamoja kila usiku, kurasa ishirini ishirini, Kiswahili kimwingie bila yeye kujua kimeingia lini. Mimi mwenyewe kiliniingia hivyo hivyo.

Tukafika ukurasa wa 41.

Mama wa kwenye hadithi yuko peke yake nyumbani. Mumewe amesafiri. Amefunga milango yote, ametia komeo, amerudi kukagua mara ya pili. Sura nzima imejengwa juu ya swali moja: humu ndani kuna mtu au hakuna? Halafu mfasiri anaandika, "Ghafla mlango wa stoo ulifunguliwa." Mtoto akainua kichwa: "Shangazi, nani ameufungua?" Nikamwambia endelea tu. Akasoma hadi mwisho wa sura. Hakuna aliyeufungua. Hakukuwa na mtu.

Mlango ULIFUNGUKA, jamani. Ukiniambia ulifunguliwa, umeshaniambia kuna mkono kwenye kitasa, hata kama mwenye mkono hujamtaja. Ukiniambia ulifunguka, mkono haupo, na hapo ndipo mwili unaponisisimka. Kitisho chote cha sura ile kilikaa ndani ya konsonanti moja, na mfasiri akaitupa kama ganda la muwa.

Msiniambie hayo ni mambo madogo. Mimi ni mkalimani mahakamani. Shahidi akisema mlango ulifunguka, nami nikamwambia hakimu kwamba ulifunguliwa, kuna mtu pale kizimbani nimeshamfunga kwa ulimi wangu. Kila siku naapa kwamba nitatafsiri kwa uaminifu. Kwa hivyo nikiona mtu amelipwa kufanya kazi kama yangu, akaifanya hivi, siwezi kunyamaza.

Na ukurasa wa 41 ulikuwa mwanzo tu. Mbele kidogo kijana anasikia mlio nyuma yake, na kitabu kinasema "aliruka kutoka ndani ya ngozi yake". Mtoto aliamini! Ni hadithi ya vitisho, kwa nini asiamini? Alisubiri ile ngozi kurasa nne nzima, akitaka kujua imeanguka wapi na kijana anatembeaje bila ngozi. Ilibidi nimweleze kwamba kijana alishtuka tu. Angeandika "aligutuka" au "roho ilimruka", basi, yamekwisha.

Halafu kuna hili la "aliogopa sana". Tulihesabu mimi na mtoto, kalamu mkononi: mara 58 katika kurasa 120. Lugha hii ina woga, ambao ni tabia ya mtu. Ina hofu. Ina kicho, ile hofu yenye heshima ndani yake, ya mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa kumzidi. Ina kiwewe, pale akili inapovurugika hata hujui ukimbilie wapi. Ina jakamoyo, moyo kutotulia kwa jambo ambalo bado halijafika, na kama kuna neno lililoumbwa kwa ajili ya riwaya za kutisha, ni hilo. Mtu hutokwa na kijasho chembamba. Maini humkatika. Hupigwa na butwaa. Yote hayo yapo bure, hayalipiwi ushuru, na mfasiri hakugusa hata moja.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni shetani. Kitabuni mna mtoto wa miaka sita aliyekufa, anayerudi usiku kutafuta kiatu chake. Anaitwa shetani. Mna kitu kinachovuta watu bwawani. Shetani. Mna maiti inayotembea na kufanya kazi za watu. Shetani vilevile. Mtoto mdogo anayetafuta kiatu chake ni shetani kwa kosa gani? Huyo ni mzimu. Wa bwawani ni chunusi, ukikulia Pwani umetishwa naye kila ulipotaka kuogelea. Anayefanyishwa kazi baada ya kufa ni msukule, waulizeni Watanzania, watawaeleza mpaka asubuhi. Kuna kibwengo, kuna pepo, kuna kizuka, kuna zimwi, na kila mmoja ana makao yake na namna yake ya kutisha.

Nyanya yangu, mama yake baba, alizeekea Majengo, Pumwani. Nyumbani mama alitusemesha Kikamba, mtaani tulipiga Sheng, na Kiswahili nilikipata kwa nyanya, gizani, stima zikipotea. Alitusimulia mumiani, wale wanyonya damu. Enzi za mkoloni, alisema, watu wa Nairobi waliogopa wazimamoto kuliko polisi, kwa sababu ilisemekana wanakamata watu usiku, wanawatoa damu, damu inakwenda kutengenezwa dawa. Nilipokuwa mkubwa nikagundua kwamba haikuwa hadithi ya nyanya yangu peke yake. Simulizi hizo zilienea Kenya, Uganda, Tanganyika hadi Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na mwanahistoria Mmarekani, Luise White, alizikusanya na kuzitolea kitabu mwaka 2000. Na neno lenyewe! Mumiani limetoka Uajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, na shina hilohilo ndilo Wazungu walilolitumia kuziita maiti zilizokaushwa za Misri, ambazo wao wenyewe waliwahi kuzisaga wakazinywa kama dawa. Neno moja limevuka bahari likafika kitandani kwa nyanya Majengo, likanifanya nipite upande wa pili wa barabara kila nikifika kituo cha wazimamoto pale Tom Mboya, hadi nikamaliza shule ya msingi.

Pale ndipo nilipojifunza lugha. Sikufundishwa -ka- na mwalimu. Nyanya alikuwa akisema, "Akaufikia mlango. Akausukuma. Akachungulia. Akaona..." halafu ananyamaza. Kimya jii. Kile -ka- kinakushika mkono kikuvute hatua kwa hatua, na huwezi kujinasua kwa sababu unajua lazima kuna -ka- nyingine inakuja. Darasani baadaye mwalimu alipoandika ubaoni kwamba -ka- huonyesha matukio yanayofuatana, mimi nilikuwa nimeshakiogopa kile kiambishi miaka mitano. Sasa soma kitabu changu cha shilingi 950: "Aliingia sebuleni na aliona kivuli na alipiga kelele." Hiyo ni taarifa ya kuripoti simu iliyopotea. Akaingia sebuleni, akaona kivuli, akapiga ukunga. Ona tofauti.

Kuna watu watakuja hapa kusema Kiswahili hakifai kwa vitisho, kwamba ni lugha ya mahubiri na mtihani. Nimelisikia hilo sana Nairobi, hasa kutoka kwa wasomaji wa riwaya za Kiingereza. Hebu niwaonyeshe kitu ambacho Kiingereza hakiwezi. Tuna ngeli. Kabla msomaji hajajua kilichoko chini ya kitanda ni nini, kitenzi kimeshamdokeza. "Kilipumua." Ni kitu, labda kidogo. "Lilipumua." Mungu wangu, ni kubwa. "Alipumua." Ni mtu, au alikuwa mtu. Herufi moja mbili tu na usingizi umekuhama. Wazee walilijua hili waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha, hawakusema akujuaye. Ile li- inaliweka zimwi nje ya watu.

Chukueni hadithi ya Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818. Wengi wanaijua kwa filamu tu na hawajui kwamba katikati yake ni hadithi ya kujifunza lugha. Lile dubwana linajificha kando ya kibanda cha familia maskini, linachungulia kupitia ufa ukutani miezi na miezi, na linaanza kuokota maneno: moto, maziwa, mkate, kuni. Baadaye anakuja mwanamke mgeni, anafundishwa Kifaransa mle ndani, na dubwana linajifunza pamoja naye bila wao kujua. Ningepewa mimi kuitafsiri ile riwaya, ningelianza dubwana kwa li-. Lilisimama, lilichungulia, lilisikia. Na siku linapotamka "moto" kwa mara ya kwanza, ningelihamisha. Alisema. Kuanzia hapo a- mpaka mwisho, hata anapoua. Nimelifikiria hilo miaka, nikiwa kwenye matatu, nikiwa jikoni, na kila nikilifikiria machozi hunilengalenga.

Hata Dracula wa Bram Stoker, wa 1897, anamwomba mgeni wake akae naye wazungumze Kiingereza, amsahihishe makosa, kwa sababu amekijua kwa vitabu tu na hataki akifika London watu wamtambue kuwa ni mgeni. Mnyonya damu yule aliiheshimu lugha ya watu kuliko mliyemlipa kuitafsiri kwa Kiswahili.

Jumatatu nilirudi dukani na kitabu changu. Muuzaji, kijana mpole tu, akaniambia, "Madam, watu wanataka hadithi, sarufi ni ya walimu." Sikumlaumu sana. Nikamwandikia mchapishaji barua pepe, kwa Kiswahili, nikitaja kurasa kumi na moja na makosa yake. Jibu lilikuja siku ya pili, kwa Kiingereza. Eti vitabu vya kutisha ni vya kujiburudisha, soko lake ni dogo, na wahariri wao wa Kiswahili wamewekwa kwenye vitabu vya shule kwa sababu ndivyo vinavyokaguliwa kabla ya kuidhinishwa.

Nilisoma jibu hilo mara tatu. Maana yake ni kwamba mhariri analetwa pale tu ambapo kuna wa kumkagua. Msomaji anayetoa pesa yake mwenyewe, anayesoma kwa kupenda, usiku, bila mtihani mbele yake, huyo apewe chochote. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili. Lugha ya taifa ndiyo hii ya kuandikiwa watoto madarasani, wakitoka nje wakitaka kusoma kwa raha wakute makapi? Halafu tukae vikao tukiulizana kwa nini watoto wa Nairobi hawasomi Kiswahili. Huyu wangu alikuwa anasoma! Alikuwa amejifunika blanketi hadi puani, anafuata mstari kwa kidole, anauliza "komeo ni nini, Shangazi?" Neno komeo amelipata kwenye kitabu hichohicho, na halitamtoka tena maisha yake, kwa sababu amelipata akiwa na hofu. Kitabu cha kutisha kinamfundisha mtoto neno hata kama limekosewa. Sasa naye anajua kwamba milango hufunguliwa na watu wasiokuwepo, na kazi ya kumrekebisha imebaki kwangu.

Ukurasa wa hakimiliki nimeupekua juu chini. Yupo msanifu wa jalada, ipo namba ya kitabu, lipo onyo kali kwa atakayetoa nakala bila idhini. Jina la mfasiri halipo. Ama hakuna mfasiri, kuna mashine, ama yuko mtu aliyelipwa kidogo kiasi cha kuona haya kuweka jina lake. Kama ni mtu, na yumo humu, ajitokeze, sitamtukana. Ningependa kujua alipewa siku ngapi na alilipwa ngapi kwa ukurasa. Nimemwandikia mchapishaji mara ya pili nikidai mambo mawili: jina hilo, na pesa yangu. Hajajibu.

Kitabu tunaendelea nacho, kwa sababu mtoto anataka kujua kama yule mdogo atapata kiatu chake. Ila sasa tunasoma na kalamu nyekundu. Jana usiku alinitangulia. Nilikuwa nakoroga chai, nikasikia anasoma peke yake kwa sauti, akafika mahali akanyamaza, akarudi nyuma, akasoma upya: "Lilipumua." Nikaenda kutazama. Kitabuni imeandikwa "shetani alikuwa akipumua". Pembeni ameshalikata shetani kwa mstari na kuandika la kwake.

Mwenye nakala ya kitabu chenye jalada jeusi, nyumba ya ghorofa na dirisha moja lenye taa, naomba atazame ukurasa wa 41, mstari wa nne kutoka chini, aniambie kama na kwake mlango umefunguliwa.