Naomba ushauri: kioo cha mbele ya duka, fundi nimwambieje anielewe?

Wakuu habari zenu, nipo Mtwara mjini nina fremu ya nguo za kike maeneo ya Chikongola, nataka ule ukuta wa mbele nitoe matofali niweke kioo kikubwa midoli isimame ndani watu wapite waone magauni. Nikamwambia fundi aluminiamu nataka dirisha la maonyesho, kaja na mchoro wa dirisha la kuslaidi lina na wavu wa mbu kabisa! Wa pili akasema aah unataka shokesi, sasa mimi shokesi naijua ni lile kabati la sebuleni la mama la kuwekea glasi na sahani za wageni. Nyie mnaitaje hii kitu, maana pesa nikishalipa ndo basi.

Pili fremu inatazama magharibi, jua la saa tisa linapiga mpaka ndani na kioo cha kawaida hakizuii kupauka, kuna gauni la zambarau nilitundika mlangoni wiki tatu tu, bega moja limekuwa kama limemwagiwa jiki. Niweke tinti? Naogopa mchana itakuwa giza watu wasione kitu, na usiku grili itakaa nje au ndani ya kioo?

Mwenye duka la hivi hata Lindi au Masasi aniambie kaweka kioo cha milimita ngapi, nataka kiwe tayari kabla ya Oktoba pesa za korosho hazijaanza kutoka. Kapicha pia nitashukuru sana.