Tupeane uzoefu: mtaa wenu umesaidiaje sanaa shuleni?

Mwanzisha uzi, Bagamoyo
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye kamati ya shule moja ya msingi hapa mjini. Somo la Sanaa na Michezo lilipoanza kwa darasa la tatu mwaka 2024 tulifurahi sana, ila shule haikuwa na ngoma hata moja. Mwalimu alikuwa anafundisha mapigo kwa kugonga dawati. Na huu ndio mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981!

Tukaitisha kikao cha wazazi. Tangu elimu bila ada ianze 2016, ukitamka "mchango" watu wanaanza kuinuka. Basi hela hatukuomba. Tuliuliza tu nani ana nini. Mmoja akatoa gogo la mnazi, muuza nyama akatoa ngozi mbili za mbuzi, na mzee mpiga ngoma wa mtaani akakubali kuja kuwamba. Aliwakalisha watoto chini ya mwembe, wakaloweka ngozi, wakakwangua manyoya, wakaivuta na kuipigilia vigingi. Kisha akaipasha moto. Anagonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Binti yangu alirudi ananuka moshi, akalala huku anapiga mto.

Kwenu ilikuwaje? Hata iliyoshindikana semeni.

Mama wa Unguja
Ahsante kwa uzi. Kwetu kulikuwa na wazee waliohofu muziki utawatoa watoto madrasa, na hofu yao niliielewa. Tukakubaliana: mazoezi baada ya Alasiri, yaishe kabla ya Magharibi, Ijumaa hakuna. Skuli haikuwa na chumba, kwa hiyo jirani yetu, mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarab) wa miaka mingi, akafundisha barazani kwake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na zinakatika. Kila mwezi nyumba moja inajitolea kununua nyuzi nyingine.

Wa Kilifi
Sisi tulikwama kwenye nauli. Akina mama wa chama chetu walishona hando, sketi za marinda za ngoma za Kimijikenda, za wasichana 12 kwa wiki mbili, pindo juu ya pindo, mashine mbili tu. Baba mmoja akatengeneza kayamba. Watoto wakapita tamasha la muziki ngazi ya kaunti ndogo, halafu pesa za basi la kwenda mbele zikakosekana. Walikuwa wameshavaa, wamesimama getini. Hando zile ziko sandukuni mwangu, na nikilifungua bado naumia.

Mwaka uliofuata tulifanya harambee mwezi wa kwanza, kabla hata wimbo haujachaguliwa. Tafadhalini, anzeni na nauli.

Fundi seremala, Dar
Vipande vya hadibodi nilikuwa nachoma. Mwalimu mmoja akaniambia Edward Saidi Tingatinga alichora juu ya hadibodi hivihivi, kwa rangi za baiskeli. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nawapelekea wanafunzi wake fungu, nimeshapiga msasa kingo zisiwachome vidole. Juzi mtoto kaniletea picha ya randa yangu, ya buluu, ina macho. Nimeitundika karakana.

Mgeni
Mkuu wa Bagamoyo, masika ngozi hazilegei?

Mwanzisha uzi, Bagamoyo
Zinalegea zote. Mzee kawaachia watoto wawili kazi ya kuzipasha kila Jumatatu asubuhi, pembeni ya jiko la uji. Wapishi wanawawekea makaa.