Naomba ushauri: nukuu za makala zangu niziwasilisheje kwa kamati ya kupandisha vyeo?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nafanya utafiti wa dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Nimeomba kupandishwa cheo, na kamati inataka mchango wangu wa kitaaluma kwa tarakimu. Wanachoangalia hasa ni fahirisi ya h, ile aliyoipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na h ya 6, una makala 6 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 6.

Sasa, makala yangu moja inanukuliwa sana, zingine zinasuasua. Kwa h, hiyo moja hata ikinukuliwa mara elfu inabaki kuwa makala moja tu. Halafu ziwa letu ni la nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, kwa hiyo mara nyingi tunaandika kundi zima. Fahirisi haimtofautishi aliyekesha ziwani na wavuvi akipima samaki na aliyechomekwa jina mwishoni (na hao wapo, tusidanganyane).

Nafikiria kuambatisha mchoro wa mtandao wa waandishi wenza, uonyeshe kwamba watafiti wa Bujumbura na wa Uvira (upande wa Kongo) wanaunganishwa kupitia kwangu. Mliowahi kukaa kwenye kamati kama hizi, mchoro huo unasomwa kweli au unawekwa kando?

Pia Google Scholar (huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma) inanipa nukuu nyingi kuliko Scopus (hifadhidata ya machapisho yaliyochujwa), maana Google Scholar inahesabu hadi tasnifu na ripoti. Niwasilishe ipi, au zote mbili? Fomu zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi.